Poda ya Yaya Furaha

Juzi dukani mtoto alidondosha kopo la poda, na ile harufu ikanirudisha utotoni, mtaa wa Newtown, kwenye ukumbi ambako serikali ilimtunuku dada yangu mkubwa, ambaye kwa Kiswahili cha kwetu tunamwita Yaya Furaha, medali ya vijana kwa kuwafundisha kusoma watoto wa maghorofa yetu ya Joubert Park.

Yaya alipokuwa anashuka jukwaani, Mama alichomoka kitini, akafungua kopo, akammwagia poda kichwani. Nywele alizomsuka asubuhi zikawa nyeupe pe.

"Eish, mama!" alisema mlinzi wa ukumbi.

Mimi niliyezaliwa hapa, walikohamia wazazi, sikuwahi kuona jambo hilo. Nilidhani Yaya anaadhibiwa, na kwamba medali itarudi serikalini kwa kuwa amechafuka.

"Mama, acha! Wataichukua!" nililia.

"Nani ataichukua?" alisema Mama, akizidi kumwaga. "Kwetu Lubumbashi, aliyeshinda harudi nyumbani na kichwa cheusi."

Siku hizi nami siendi kwenye mahafali bila kopo langu. Lakini siku ile niliamini tumekwisha, hadi yule mama wa serikali aliyemvisha Yaya medali aliposhuka taratibu, akavua miwani, akamwinamishia Mama kichwa ili naye amwagiwe.