Mashua Haiambiwe Ugonjwa Wake

Nakumbuka ile siku mukaguzi wa asiransi, wale watu wa bima, alishuka libongo, pale mashua zetu zinafunga, na viatu vyeusi vya kung'aa. Mwanangu, wakati ule bendera mupya ilikuwa haijapauka bado. Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kwenda, na kazi zao watu wetu walizishika. Huyo kijana alitoka Léopoldville, Lingala yake ilikuwa ya haraka haraka. Masomo alikuwa nayo. Mimi, bon, masomo yangu iliishia siku mwalimu alihama, na sikulia.

Papa alikuwa na balenieri, ile mashua kubwa ya mbao yenye moteri nyuma. Aliijenga mwenyewe. Lakini wafanyabiashara wa mupunga walikuwa wamesema wazi: bila asiransi hatupakie hata gunia. Na asiransi haitoke kama mukaguzi hajaangalia mashua iko namna gani na iko na bei gani. Donc chakula cha nyumba yetu kilikuwa mikononi mwa ule kijana wa viatu.

Alianza kugonga mbao na kanyundo, anainama, anasikiliza kama munganga. Kisha akauliza maji yanaingilia wapi. Nikamujibu kwamba mashua hii inayajua maji kwa nje tu. Papa naye akaiita bibi arusi.

Mukaguzi akasema, “Tangu nianze kazi hii sijaona mashua inayovuja. Zote ni mabibi arusi.”

Akafunga mufuko wake. Alisema mutu anayekataa hata ugonjwa mudogo anaficha mukubwa, na yeye sahihi yake hataitia.

Sasa ujue, sisi hatukuwa tunadanganya. Kwetu mashua haiambiwe ugonjwa wake. Ni kama mugonjwa: hausimame kando ya kitanda chake ukasema huyu hafiki kesho. Atakata tamaa. Desturi hiyo nilikuwa nimeishika muzuri, lakini nusu tu. Nilifikiri kusifu ndiyo mwisho wake.

Papa akamushika kijana mukono, akamupandisha mpaka kwetu, nyuma ya jikoni, mahali muto hausikike. Mama akaweka lituma na samaki. (Lituma ya mama, ndizi ilikuwa inatwangwa mpaka inateleza yenyewe kooni. Siku hizi watu wana haraka. Tuache.) Kijana alipokuwa anakula, papa akainamia sikio lake, akamwambia yote kwa sauti ya chini: ubao wa chini ya moteri umeoza, na maji yanaingilia hapo.

“Papa, mbona haukusema kule?”

“Kule ilikuwa inasikia.”

Kijana akacheka mpaka samaki akamupalia, mama akamupiga mugongo kama mutoto wake. Wakarudi libongo. Kisu chake kikaingia kwenye ule ubao kama kwenye ndizi iliyoiva. Akashusha bei ya mashua, akasema atatia sahihi tukisha kubadilisha ubao.

Nilinuna, mwanangu. Nilimwambia papa ametuuza sote kwa sahani ya lituma. Hakukasirika. Alinitazama vile unatazama mutoto anayevaa kaptula mbele nyuma.

“Wewe umeipenda kwa mudomo,” akasema. “Nani ataipenda kwa mikono?”

Akanipa musumeno. Tukaweka ubao mupya wa kambala, ule muti mugumu, na sahihi ikatoka.

Uasi ulipofika, ofisi ya asiransi ilifungwa, wenyewe wakakimbia. Ile karatasi haikutufaa hata siku moja. Lakini risasi zilipoanza kulia mujini, tulipakia majirani, Waislamu na Wakristo, tukateremka kuelekea Isangi. Watu walijaa mpaka maji yakakaribia ukingo. Moteri ilitetemesha ule ubao njia yote, na mama alikaa pale pale chini, kando yake. Alishuka na kikwembe chake cha kiunoni kikavu.

Mwanangu, mficha maradhi, kifo kinamuumbua. Ukipenda mutu, musifu mbele ya watu, usimuvunje moyo. Lakini tafuta nafasi ya pembeni, na mutu wa kukusaidia kumutengeneza, huyo ndiye umwambie penye kuoza bila kupunguza. Kisha urudi utengeneze. Mungu akupe wengi wa kuwasifu, na mumoja wa kumwambia ukweli. Na siku utakapowabeba wale unaowapenda, akufikishe nao wote. Amina.