Kona ya Wifi Ardith

Wifi yangu Ardith Tjaden aliwapikia watoto wa shule ya mji wetu miaka ishirini na nane, na katika maisha yake yote hajawahi kumpigania mgombea aliyeshinda. Namsema kwa sababu nampenda. Hapa Iowa, kila msimu wa kumtafuta mgombea urais, sisi Wademokrati, wenye nembo ya punda, tunakusanyika kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na kila mtu anasimama kwenye kona ya mgombea wake, majirani wakimwona. Kona isiyofikisha asilimia kumi na tano inavunjwa. Ya Ardith imevunjwa mara saba. Mjini wanasema, ukitaka kujua nani hafiki popote, angalia Ardith kasimama wapi.

Safari hii alimshika gavana mmoja wa jimbo la milimani ambaye hata mimi, katibu wa mkutano, nalikosea jina lake. Goti la Ardith lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji.

"Wifi, hii ndiyo ya mwisho," akaniambia. "Mara moja tu nataka kusikia kona yangu ikisomwa."

"Basi chagua mtu anayejulikana."

"Anayejulikana ana watu. Huyu ana mimi."

Mumewe, Merle, ni kaka yangu, Mrepublican, wale wenye nembo ya tembo, na yeye ni tembo wa kuzaliwa. Miaka arobaini na moja ya ndoa kila mmoja anafuta kura ya mwenzake, kisha wanarudi nyumbani kwa gari moja. Chama chake kilikutana jioni ileile, kanisani ng'ambo ya barabara.

Saa moja kasorobo Merle akaingia kwetu na sinia la mikate ya mdalasini ambalo Ardith alikuwa amelisahau garini. Mlangoni Lavonne, mwandikishaji wetu, akamsogezea karatasi. Merle hakuwa na miwani. Kwetu hakuna chakula cha kanisa bila daftari la wageni, basi akadhani ni hilo, akatia sahihi yake, akaanza kugawa mikate kama mwenye harusi.

Saa moja ikafika, milango ikafungwa. Lavonne akapitia karatasi zake, akacheka mpaka akashika meza.

"Merle, hongera. Umehamia punda."

"Mimi nimeandika mgeni."

"Umeandika chama. Na kule kwenu wameshafunga mlango."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kaka yangu aliiva mpaka masikio, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote.

Nikahesabu. Tulikuwa sitini, pamoja na Merle aliyebaki katikati na sinia tupu. Kila kona ilihitaji watu tisa. Ardith alikuwa na wanane.

Nikatoa dakika kumi na tano za kubembelezana. Ardith akachechemea kona hadi kona.

"Jamani, si mmekula mikate yangu?"

"Tumekula, mama, na tumeshukuru."

Hakuna aliyehama. Ardith hakumtazama mumewe hata mara moja. Hajawahi kumwomba kura, na hakutaka kuanza siku hiyo. Akachukua koti lake, akaanza kulivaa. Hapo kicheko kikaniisha, nikaumia.

"Ardith," Merle akasema. "Huyo gavana anaitwa nani?"

"Wewe yanakuhusu nini?"

"Hayanihusu." Akavuka ukumbi, akasimama kando yake. "Dada, hesabu tena."

"Kanuni inataka useme unamuunga mkono nani."

"Andika huyo wa mke wangu."

"Baba alikufa tembo, Merle. Atafufuka."

"Mwache afufuke, atapewa mkate."

"Mikate imeisha," Ardith akasema, akavua koti.

Nikasoma kwa nguvu: kona ya Ardith Tjaden, watu tisa, imesimama. Nilipaswa kusoma jina la gavana. Sikulisoma, na sina mpango wa kusahihisha.

Gavana alijitoa baada ya siku tisa. Nikapiga simu kutoa pole, Ardith akanicheka.

"Wifi, gavana alikuwa wa kuazima. Kona ilikuwa yangu."

Merle anasema atarudi kwa tembo, ila ofisi ya kubadilisha chama iko mbali. Ofisi hiyo inatazamana na kinyozi wake, na tangu siku ile ameshanyolewa mara tatu.