Mchezo wa Ndege Uliokimbiza Mtaa Beni

Siku mtaa mzima wa Beni ulipokimbia mchezo wa televisheni, aliyekimbia kuliko wote alikuwa mwenye mchezo.

Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Fadhili ni dereva wa lori la kakao, Oicha mpaka Butembo. Hana mke. Anaishi na koko wake Hadidja, bibi aliyemlea, ambaye siku hizi hatembei. Kila asubuhi Fadhili humbeba mgongoni na kumkalisha barazani.

Utotoni, Butembo, alipenda mashine moja ya mchezo wa ndege. Kandege kako kanapanda kutoka chini ya kioo, maadui wanashuka kutoka juu, risasi kama mvua. Mashine ile ilimeza jetoni zake zote, vile visarafu vya kuchezea.

Juzi akaukuta mchezo uleule sokoni Butembo, umetengenezwa upya kwa konsoli ya nyumbani. Akaununua hapohapo.

Kwa kuwa mchezo wenyewe umesimama wima, aliilaza televisheni ubavu. Akaiunganisha na bafle kubwa, spika ya muziki.

"Fadhili, punguza ile makelele!"

"Kidogo tu, koko."

Alasiri akatoka kununua mkate. Hakuzima.

Sasa, mchezo wa zamani una tabia yake. Ukiuacha, unaanza kujicheza wenyewe, ndivyo ulivyokuwa unaita wateja. Fadhili alijua hilo, basi tu akili haikuwepo.

Akiwa kwenye kibanda cha mkate akasikia: ta-ta-ta-ta! Buum!

Beni, mji uliozoea mashambulizi ya waasi, hakuna anayengoja kuuliza. Mtu akagonga sufuria kutoa tahadhari, mwingine akapuliza filimbi, mara avenue nzima inagonga masufuria na kina mama wanafunga watoto mgongoni. Milio ilitoka upande wa nyumbani kwa Fadhili.

Fadhili akakimbia. Upande mwingine.

Njiani akapishana na jirani yake, Mama Kyakimwa, anakimbilia kwenye milio.

"Mama, unaenda wapi? Banauwa batu kule!"

"Na koko yako? Nani atamubeba?"

Alimsikia vizuri kabisa. Akaendelea kukimbia.

Alisimama kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana, akajisemea: Nimemwacha, nimemwacha. Alitaka kurudi, lakini woga ulimshika hapohapo.

Baadaye askari waliokwenda kuangalia wakarudi wanacheka. "Ni télé! Ndege ya télé ndiyo imekimbiza batu!"

Watu wakacheka mpaka machozi. Fadhili alijua ni televisheni ya nani.

Nyumbani alikuta uwanja umejaa majirani wenye hasira. Mama Kyakimwa alikuwa amekaa karibu na koko.

"Wewe Fadhili!" Mzee Kambere alifoka. "Mama moja ameanguka mu mutaro juu ya mchezo yako!"

Koko akainua mkono.

"Mumuache. Alikuwa anakuya kunibeba. Makelele ilijaa kila pahali, hata mimi nikazania ni vita. Kyakimwa alitaka kunitoa, lakini nikakatala. Nikasema, Fadhili akinikosa, ataingia mu risasi kunitafuta."

Mzee Kambere mwenyewe akampa Fadhili mkono. Mama Kyakimwa aliangalia chini.

Walipoondoka wote, Fadhili akapiga magoti.

"Koko, mimi hapana nilikuwa nakuya. Nilikukimbia."

"Ninajua."

"Unajua?"

"Pale nilikatala, nilikuwa nakuaminia kweli. Kisha Kyakimwa akaniambia amekuona unakimbia."

"Sasa juu ya nini umenisifu mbele ya batu?"

Koko akamwinua uso.

"Sababu kesho asubui ni wewe utanibeba. Mutaa yote ikikuzomea, utanibeba na macho gani?"

Fadhili akalia kama mtoto. Asubuhi akambeba. Anambeba mpaka leo, na koko hajaligusa tena jambo lile. Angemtukana hata mara moja, Fadhili angepumua.

Ndugu zangu, mtu akikusifu mbele za watu, usivimbe kichwa haraka. Huenda anakusitiri tu.