Kiti Changu na Shimo la Mama Ruthi

Siku ile naikumbuka hata leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomwandika mtu kuwa hajiwezi kabla sijamwona akifanya kazi.

Nilikuwa kijana, msaidizi wa utafiti chuoni, nikikaa Kibaha. Nilikuwa nimesomea namna ya kulinganisha kazi na mwili wa mtu: meza iwe na kimo gani mgongo usiumie, mpini uweje mkono usichoke. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na kijiji kimoja upande wa Maneromango kilitaka kujua nani ahesabiwe katika kazi ya pamoja na nani awekwe upande wa wasiojiweza. Aliyefanya kazi alipata fungu lake la mavuno na sauti mkutanoni. Asiyejiweza alipewa chakula, wala hakuulizwa neno.

Nikaletewa Mama Ruthi, mjane wa makamo aliyepooza miguu tangu utotoni. Nilikuwa nimekwenda na kiti kirefu na meza yake, vyote vya mninga, kwa vipimo vya kitabuni.

"Shikamoo mama. Kaa hapa umenye mihogo."

"Marahaba, baba."

Akakaa. Miguu ikaning'inia, mwili ukayumba, na kila alipokaza kisu ilimbidi ashike meza kwa mkono wa pili. Mihogo ikamwanguka. Mimi, saa mkononi, nikaandika.

"Umeandika nini, baba?"

Nikamsomea: hajiwezi. Ujana una haraka zake.

Hakulia wala hakukasirika. Alisema, "Umenipima kwenye kiti chako. Sasa njoo unione ninapofanyia kazi."

Akashuka, akajivuta kwa mikono hadi kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Nikamfuata pamoja na mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa akishuhudia nilipoandika. Chini palikuwa na shimo lililosilibwa kwa udongo wa mfinyanzi, laini kama chungu, na ndani yake kibaraza kidogo cha kukalia. Kamba nene ilining'inia kutoka kwenye boriti. Akaishika, akajiteremsha, miguu ikaingia shimoni, mgongo ukaegemea ukingo. Ardhi yenyewe ikawa meza yake. Visu, ungo na beseni vilipangwa nusu duara, kila kimoja pale mkono wake ulipofika bila kujinyoosha.

Kisha akaanza. Maganda yaliruka, mwanangu! Mihogo ilitoka mikononi mwake myeupe, mmoja baada ya mwingine, naye akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nikasahau hata kutazama saa. Nilipopata akili nikatoa futi yangu, nikapima kimo cha ukingo ule na kiwiko chake. Kilikuwa kimo kile kile nilichokihangaikia vitabuni miaka miwili. Niliona haya kusimama nikimtazama kutoka juu, nikachuchumaa.

"Nani alikufundisha, mama?"

"Mgongo," akasema. "Mara ya kwanza nilichimba refu mno, mabega yakauma. Nikafukia. Nikachimba fupi, kiuno kikauma. Nimechimba na kufukia mara sita."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuniuliza."

Usione vyaelea, vimeundwa. Niliichana karatasi ile mbele ya mwenyekiti, nikaandika nyingine. Mama Ruthi akahesabiwa. Msimu uliofuata ndiye aliyesimamia umenyaji wa mihogo ya kijiji, na wanawake watatu wenye miguu mizima walikuwa wamechimba mashimo kama lake, maana kuinama kulikuwa kumewachosha. Kiti changu nacho kilipata kazi: kuku walikuwa wakitagia juu yake. Nilirudi kwake mara nyingi, na aliyonionyesha ndiyo niliyofundisha maisha yangu yote.

Basi wewe unayekwenda kusomea kazi hii, vitabu visome, tena sana. Bila vitabu nisingejua kwamba nilichokiona ni ajabu. Lakini ukifika kwa mtu mwenye ulemavu, muulize kwanza yeye hufanyaje, kisha nyamaza utazame. Ameishi na mwili ule tangu hujamjua, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimwandike kuwa hawezi kabla hujamwona akiwa kwake. Na ukikosea, kama nilivyokosea mimi, futa mbele ya wale wale waliokuona ukiandika.

Mungu akujalie macho mepesi ya kustaajabu na ulimi mzito wa kuhukumu. Kila nyumba utakayobisha hodi ikupokee kwa heri, nawe uiache na heri zaidi.