Barua kwa Mwenye Mashine ya Mvua

Wanafunzi wangu wananiogopa. Nasema hivyo mapema ili ujue nimejishusha kiasi gani kuandika haya. Mimi ni naibu wa mwalimu mkuu katika sekondari moja huko Makueni, mwalimu wa jiografia, na kazi yangu kubwa ni kuwanasa waongo. Mtoto akiniletea barua ya mzazi iliyoandikwa na rafiki yake chini ya dawati, naijua kabla hajaikunjua. Basi mtu huyohuyo, mwenye tai na kitambi, amepita miaka hamsini na bado anapenda komiki za zamani za Wazungu, zile za mwanamume mwenye nguvu za ajabu anayevaa nguo za kubana na kuruka juu ya magorofa.

Shujaa wangu simtaji jina. Nililichonga jina hilo kwenye mlango wa choo cha shule ya msingi nikachapwa, na inatosha. Alikuwa anasimamisha treni kwa kifua. Risasi zilimgonga zikaanguka chini kama punje za mahindi. Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: akinyeshewa, nguvu zinamwishia. Tone moja likimgusa bega, jitu zima linalegea magoti. Ati mvua! Waliotunga hadithi hiyo bila shaka waliishi mahali ambapo watu wanalalamika mvua ikinyesha. Mimi nilizaliwa karibu na Kwa Vonza, ambako waumini huiombea mvua kanisani kisha wanatoka nje wote kwa pamoja kuangalia juu.

Komiki zenyewe alizileta mjomba, aliyekuwa utingo wa lori la Mombasa. Akipitia Mtito Andei aliokota zile zilizoachwa na wasafiri kwenye hoteli moja ya kulala. Nyingine hazikuwa na jalada, nyingine zilinuka dizeli. Nilikuja kujua ukubwani kwamba zilichapishwa kabla mimi sijazaliwa. Wakati huo nilizisoma kama habari za wiki ile, na nilikuwa nangoja toleo lijalo kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Niliziamini mno. Siku moja nilichukua kitambaa cha kochi, kile mama alichokishona kwa sindano ya kufuma, chenye ua la waridi katikati, nikakifunga shingoni nikapanda juu ya ghala la mahindi. Nilikusudia kupita juu ya boma la miiba la mbuzi. Sikupita juu yake. Mama alinichapa kwanza, ndipo akaanza kunichomoa miiba, na alipomaliza akanichapa tena kwa sababu ya kitambaa.

Nyumbani aliyetaka kunisikiliza alikuwa mmoja tu: nyanya yangu mzaa baba, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu. Mimi nimerithi jina la babu, mume wake, kwa hivyo tangu nikiwa mchanga Susu aliniita "mzee wangu". Kila jioni aliketi kwenye kigoda nje ya jikoni akisuka kiondo, nami namsomea komiki. Hakuwa amesoma hata darasa moja. Mimi nilikuwa darasa la tano na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda msalani, lakini nilitafsiri bila haya. Nilipokwama, nilitunga. Adui wa shujaa nilimpa vipigo ambavyo havikuandikwa popote.

Ndipo likaja toleo la profesa. Huyo alikuwa na sharubu ndefu, na alikuwa ameunda mashine ya kuleta mvua. Mpango wake ulikuwa kuangusha mvua juu ya mji mpaka shujaa aishiwe nguvu na watu wasalimu amri. Nilimsomea Susu kwa sauti ya kutisha, mpaka kuku wakahama.

"Ngoja," Susu akasema. "Hiyo mashine inaleta mvua ya kweli?"

"Ya kweli, Susu. Ya mafuriko."

"Na hao watu wa mji, walikuwa wamepanda?"

"Wapande nini? Ni mji! Wana magorofa!"

"Basi mvua inawaharibia nini?"

Nikamweleza kwamba profesa ni mtu mbaya. Nikamweleza kwamba shujaa atakufa. Susu akasuka mistari miwili, kisha akauliza kama huyo profesa ana mke.

Mwaka huo jua lilikuwa limetukalia vibaya. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa bado hayajafika magotini. Susu alikuwa na ng'ombe mmoja, mweupe mwenye sikio lililochanika, na kila asubuhi alimpeleka mbali zaidi kutafuta majani. Jumatano, akina mama wa kanisa walipokutana kuomba, Susu alisimama akaleta ombi: kuna mtu ng'ambo ana mashine, na kuna kijana mmoja mwenye kiburi anataka kuivunja, tumwombee yule mzee asishindwe. Wakaomba. Wakaomba kwa machozi! Nilikuwa dirishani, na nusura niingie niwaambie wanamwombea adui. Nilikasirika kiasi cha kususia chakula cha jioni, muthokoi wa mahindi ya kukoboa na maharagwe, mpaka nilipouona unaelekea kuisha.

Toleo hilo liliishia pabaya. Shujaa amefungwa juu ya mnara, wingu limetanda, mkono wa profesa uko kwenye mtambo. Chini pameandikwa kwamba itaendelea. Mjomba akaombwa atafute linalofuata. Akarudi na komiki nyingine kabisa, ya farasi.

Susu hakutaka kungoja. Ndani ya jalada palikuwa na anwani ya kuwaandikia wachapishaji wa komiki, nami kwa ujinga wangu nilikuwa nimemsomea hata hiyo. Akanikalisha na kalamu.

"Andika," akasema. "Kwa mwenye mashine. Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku hatujambo, ila jua. Tumesikia una mashine na watu wa huko hawaitaki. Usigombane nao. Ilete huku kwetu, nafasi iko. Chakula ni kidogo lakini hutalala njaa. Huyo kijana wa nguo za kubana akikufuata, mwambie aje na mwavuli."

Akapaka kidole gumba masizi ya sufuria, akakibandika chini ya maneno. Kisha akanipa mayai manne niyauze mjini Kitui, ninunue stempu. Kwaya yetu ya watoto ilikuwa inakwenda kuimba huko Jumapili hiyo.

Barua sikuituma. Kwa miaka mingi nimejiambia mwenyewe kwamba ilikuwa msimamo: ningewezaje kumwalika adui wa shujaa wangu nyumbani kwetu? Ukweli ni kwamba yale mayai niliyauza nikanunua mandazi, nikayala nyuma ya kanisa, sikumgawia mtu. Jioni nilimwambia Susu nimeituma. Na kama waongo wote wadogo, nilipamba. Nilisema karani wa posta alikuwa na miwani, aliisoma ile anwani mara mbili, akaipiga mhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

"Vizuri, mzee wangu," Susu akasema.

Barua niliificha katikati ya komiki, nikafunga sanduku. Mchwa wakala komiki na barua, na kidole cha Susu pia.

Ng'ombe mweupe alikufa kabla ya mvua za Novemba. Susu alisimama kando yake muda mrefu akimfukuzia nzi, kama vile bado nzi wangemsumbua. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nalia, kwa sababu nilijua nimemuua mimi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuamini mashine ya mvua na wakati huohuo asiwe na ujasiri wa kusema ukweli juu yake.

Kuanzia hapo Susu akawa na swali lake. "Wamejibu?" Mwanzoni kila wiki. Nami namjibu kwamba barua za ng'ambo huchelewa. Nikaenda sekondari: wamejibu? Nikaenda chuo, nikaoa, nikapata watoto, na kila Krismasi tukifika nyumbani ananishika mkono, ananisalimia, halafu: wamejibu? Watoto wangu walicheka. Nikawaambia ni uzee, mwacheni. Ndiyo, mimi, mwalimu wa nidhamu, nikasingizia akili za nyanya yangu, na akili zake zilikuwa timamu kuliko zangu.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi kuona Tsavo, na tukirudi basi la shule likasimama Kambu watu wanunue vitu vya kutafuna. Nikanunua njugu karanga kwa mama mmoja wa barabarani, zile zinazofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nikazimimina kinywani. Kwenye karatasi nikaona sharubu.

Zilikuwa sharubu za profesa. Haki ya Mungu, nilizijua kama ninavyozijua za baba.

"Mama, hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Kuna hoteli ya zamani Mtito wamebomoa. Walikuwa wanatupa."

Nikanunua njugu zote. Beseni zima. Nikapiga magoti kando ya barabara kuu nikizikunjua karatasi moja baada ya nyingine, njugu zikimwagika kwenye suruali, wanafunzi arobaini wakichungulia madirishani kuona naibu amerukwa na akili. Lilikuwa ni lile toleo lililofuata! Najua utasema nadanganya, na kwa historia yangu sikulaumu. Ukurasa wa mwisho haukuwamo. Ulikuwa mkononi mwa dereva wa lori aliyeketi kivulini, amebakiza njugu kama sita. Nikamwendea. Nikamwomba hiyo karatasi kwa heshima zote, "mzee" huku na "mzee" kule, ingawa alikuwa mdogo kwangu kwa miaka ishirini. Aliniangalia kwa huruma, akanipa na zile njugu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa Kwa Vonza. Susu sasa amepita tisini. Kigoda kimebadilishwa kuwa kiti cha plastiki, na kiondo anasuka kwa kupapasa zaidi kuliko kutazama. Nikavaa miwani, nikaanza kumsomea kurasa zile zilizolowa mafuta. Alisikiliza vilevile kama zamani. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho, nikakwama.

Shujaa alikuwa amejinasua. Alikuwa ameivunja mashine vipande vipande na kuweka mguu wake juu, jua linawaka, watu wa mji wanarusha kofia hewani kwa furaha. Maisha yangu yote nilikuwa nangoja kuona hicho. Nilipokiona, nilimwona mtu mzima mwenye nguvu zote hizo, amewakatia watu mvua, na bado anacheka. Nikamchukia, na nikaona haya kwamba nilimpenda.

"Soma, mzee wangu," Susu akasema.

Nikafanya nilichozoea. "Wakapatana," nikasema. "Shujaa akaibeba mashine begani, akasema ataipeleka kwa watu wanaoihitaji."

Susu akaweka kiondo chini. Akanyoosha mkono akachukua ukurasa, akausogeza mpaka karibu na pua.

"Na hivi vyuma vilivyolala chini ya mguu wake ni vya nini?"

Nikavua miwani, nikaanza kuifuta.

"Mimi sikwenda shule," akasema, "lakini macho nilizaliwa nayo. Hata zamani ulikuwa unaniambia huyu wa sharubu amepigwa, na mimi namwona ameketi anakunywa chai."

Nikacheka, kisha nikashindwa kucheka. "Susu," nikasema, "ile barua..."

"Ile uliyoipeleka Jumapili?"

"Ndiyo, hiyo..."

"Nani alikufungulia posta Jumapili?"

Ala! Miaka thelathini nimewanasa watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko hayo. Yule karani na miwani yake, na mhuri wa kutikisa meza, na siku yenyewe sikuwa nimeifikiria.

"Ulijua siku ileile?"

"Kabla hujamaliza kusema."

"Sasa Susu, miaka hii yote, kwa nini ulikuwa unaniuliza kama wamejibu?"

"Nilikuwa nakupa nafasi. Nilisema, atasema ng'ombe akifa. Ukanyamaza. Nikasema, atasema akioa. Ukaoa." Akakunja ule ukurasa polepole, akafuata mikunjo ya njugu. "Mimi hata ng'ombe nilishamsahau. Lakini nimeanza kuogopa kufa nikiwa bado nimekukasirikia, na ni kwa sababu ya mayai manne."

Nililia. Siwezi kulipamba hilo. Nililia mbele yake na kitambi changu na tai yangu ya ibada, nikamwambia kila kitu, barua, mandazi, mchwa, na jinsi nilivyojificha nyuma ya ghala siku ng'ombe alipokufa. Susu aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kama nimekuja na kalamu.

Tukaiandika upya. Salamu katika jina la Bwana, hatujambo, ila jua. Alipofika mahali pa mwavuli alicheka mpaka akakohoa. Nikamletea sufuria, akapaka kidole masizi, akakibandika. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikasimama na ufunguo wa gari mkononi.

"Naipeleka sasa hivi, Susu."

"Kesho," akasema. "Leo ni Jumapili."