Jibu la Sori

Kiingereza cha Ferista kilitosha kuuza mahindi ya kuchemsha, na hakikuzidi hapo. Alizaliwa Isansa kwenye mashamba ya kahawa, akaishia darasa la saba, akaolewa na Hezron, fundi baiskeli wa mji mdogo wa Mpemba, jirani na Tunduma. Tangu hapo maisha yake yakawa beseni kichwani, kupanda na kushuka kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia. "Hoti meizi, bradha! Hoti meizi!" Maneno hayo yalimlisha yeye na watoto, na mengine aliwaachia walimu.

Neno sori alilijua. Nani asiyelijua? Ukimkanyaga mtu, unasema sori. Mtu akijikwaa mwenyewe, wala hukumgusa, unasema sori vilevile. Kwetu mambo haya yametengwa vizuri: pole ni ya aliyeumia, na jibu lake ni asante; samahani ni ya aliyekosa, na jibu lake ni msamaha, kama unao. Waingereza, sijui walikuwa na haraka ya kwenda wapi, wameyafungasha yote kwenye kifurushi kimoja wakatuachia sisi tuhangaike kukifungua.

Ferista alihangaika nacho kuliko wote. Siku hiyo mahindi yalikuwa yamemwishia, na tingo wa lori mmoja, kichwa nje ya dirisha, alikuwa akimhimiza alete mengine, kwamba foleni inaanza kusogea. Binti yake Angel, wa darasa la nne, alikuwa ng'ambo ya barabara na beseni la pili. Ferista akampungia mkono: njoo, njoo upesi. Mtoto msikivu yule, akaja. Lori la Mzimbabwe likamkuta katikati ya lami.

Dereva alishuka. Alikuwa mzee wa mvi, na alipiga magoti juu ya mahindi yaliyotapakaa. "Sori, mama," alisema. "Sori, sori." Ferista, akili imemruka, mdomo ukajijibia wenyewe kwa mazoea: "Asante."

"Unamshukuru, mama Angel?" alifoka Rozi, muuza karanga mwenzake. "Huyo anaomba samahani! Anakiri kosa! Jamani, nyote mmesikia, kasema sori!"

Walisikia wote, na wasiokuwepo walisikia zaidi. Kufikia jioni kila mtu Mpemba alijua kwamba dereva amekiri kwa kinywa chake, na dereva mwenyewe alikuwa mahabusu. Angel alikuwa hospitali, mguu umekatwa chini ya goti.

Ferista alilishikilia neno lile kwa mikono miwili. Kama yule mzee aliomba samahani, basi kosa ni lake, na ule mkono uliopungwa haukuwa kitu. Hakuna aliyeuona, hata Hezron hakuambiwa. Lakini kama alikuwa akitoa pole tu, kama mpita njia yeyote? Basi kosa lilikuwa bado linamtafuta mwenyewe, na Ferista alijua litafikia kwa nani. Siku mbili hakula. Siku ya tatu, kwenye korido ya hospitali, alimshika nesi mkono akamuuliza, "Dada yangu, sori ni pole au ni samahani?"

"Inategemea, mama," nesi alijibu, akaendelea na kazi zake.

Inategemea! Ferista alikaa sakafuni akalia hadi watu wakadhani amefiwa.

Kesho yake alimwendea Enoka, anayebadilisha kwacha pale Tunduma na kuzungumza Kiingereza na wageni kutwa nzima, akamwomba amsindikize kituoni. Askari wa zamu aliwaruhusu waonane na dereva mbele ya kaunta. Mzee alikuwa amekonda, kola imemlegea shingoni.

"Muulize," alisema Ferista. "Muulize siku ile alisema pole au alisema samahani. Namwomba sana, aniambie ni samahani."

Enoka aliuliza kwa kuzunguka, maana hata yeye swali lilimshinda. Dereva alisikiliza, akaeleza kwa muda mrefu huku ameinama. Kisha akainua mkono akaupunga hewani: njoo, njoo upesi. Hapo Ferista hakuhitaji mkalimani.

"Anasema..." Enoka alimgeukia. "Anasema alikuona ukimwita mtoto. Alikanyaga breki, lakini lori lilikuwa na mzigo. Hakutaka kuyasema hayo mbele za watu, wala mumeo asikie. Anasema naye ana binti, na tangu siku ile anakuwaza wewe. Sori yake ni ya pole, mama Angel. Anakuonea huruma."

Bora angemtukana. Bora angemtemea mate, apate wa kumchukia. Ferista aliigeukia kaunta. "Afande," alisema, "mtoto nilimwita mimi. Andika hivyo." Na kumbe kumwambia askari ilikuwa kazi nyepesi.

Aliporudi hospitali alimkuta Angel ameamka, midomo imemkauka, shuka limelala tambarare pale ambapo mguu ungekuwa. "Mama," mtoto aliuliza, "beseni lilipasuka?"

Ferista alipiga magoti kando ya kitanda. Samahani ilimfika kooni ikakwama. Hakuwahi kumsikia mzazi akimwambia mtoto neno hilo. Mama yake alizikwa Isansa bila kulitamka. Alijaribu tena, likagoma tena, na kilichotoka kilikuwa kile cha barabarani.

"Sori, Angel," alisema, machozi yakimdondokea mtoto mkononi. "Sori, mwanangu. Sori."

Angel alimtazama, akampapasa kichwa taratibu. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Asante, mama," alisema.