Hedifoni za Shangazi

Shangazi yangu, karani wa masjala, alichoshwa na midomo ya wenzake watatu, wanaoanza kusengenya watu kabla hawajaweka mikoba chini. Akaenda kwa fundi wa simu, akanunua hedifoni za zamani zilizokarabatiwa, nzito kama kofia ya pikipiki, upande mmoja umebandikwa kwa gundi. Fundi aliapa kwamba zinazima kelele zote za dunia.

Kesho yake ofisini akazivaa, akabonyeza kitufe. Hazikuzima hata mlio wa feni. Alikuwa anazivua kwa hasira, mara mhasibu akawaambia wenzake, "Huyo sasa hasikii kitu, tuongee."

Wakaongea. Shangazi akazirudisha masikioni, akaendelea kugonga mihuri kama hana habari. Hadi saa sita alishajua nani anamchongea kwa bosi na nani anakinyemelea kiti chake.

Juzi nilimshauri azirudishe kwa fundi, maana dhamana haijaisha. Akanitolea macho.

"Wee mtoto, koma! Huyo fundi akithubutu kuzitengeneza, nampeleka polisi."